Maswali Yenu: Mjusi, Nyuki, Mamba na Joto la Dodoma

Safari hii maswali mengi yamekuja yanafanana, nadhani ni kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba na ule upepo wetu wa Dodoma, watu wanaona wanyama wamebadilika tabia wanaanza kujiuliza. Nimechagua haya yanayoshikana, yote yanahusu wanyama wanaoitwa wa damu baridi, yaani mijusi, nyoka, mamba, kobe, chura, samaki na wadudu. Baadhi nimeyafupisha kidogo ili tuenee.

Habari za kazi mwalimu. Hapa saiti kwetu Nkuhungu kuna mjusi mwenye kichwa chekundu, kila asubuhi anakaa juu ya rundo lilelile la tofali. Saa moja anakuwa mweusi mweusi na mzito, ukimsogelea haondoki haraka. Ikifika saa nne kichwa kimekuwa chekundu kabisa, mwili wa bluu, na anapiga pushapu. Alafu saa saba simuoni kabisa. Anafanya nini? Na kama damu yake ni ya baridi mbona anahangaika na jua? Fundi ujenzi, Dodoma

Fundi, umeangalia vizuri sana, maana hapo umenieleza siku nzima ya mjusi pamoja na kazi yake kubwa, ambayo ni kulitafuta joto na baadae kulikimbia.

Mimi na wewe joto letu tunalitengeneza wenyewe ndani kwa chakula tunachokula, ndo maana tunabaki kwenye nyuzi 37 hivi hata ukiamka alfajiri na upepo unavuma. Mjusi hana huo uwezo, au anao kidogo sana usiotosha, kwahiyo joto anachukua nje, kwenye jua, kwenye tofali, kwenye bati, kwenye jiwe. Lakini usidhani basi anashinda na baridi. Ukimpima huyo mjusi wako saa tano akiwa kwenye shughuli zake utakuta nyuzi 36 mpaka 38, yaani sawa na wewe au amekuzidi kidogo.

Sasa twende na saa zako. Saa moja ametoka kwenye ufa alikolala, mwili umepoa, misuli haifanyi kazi vizuri ndo maana unamsogelea na bado yupo. Ule weusi una kazi yake, rangi iliyokolea inanyonya jua haraka. Muangalie vizuri utaona amejilaza bapa, tumbo limegusa tofali na ubavu ameuelekeza jua linakotoka. Ndani ya mwili kuna kazi nyingine huioni: akipigwa na jua moyo unaongeza kasi na damu inapelekwa kwa wingi kwenye ngozi ikachukue joto iliingize ndani, akiingia kivulini moyo unapunguza kasi ili lile joto lisitoke upesi, kwahiyo anapata joto haraka kuliko anavyolipoteza. Na ukibahatika kumsogelea sana, angalia katikati ya utosi wake, kuna kigamba kimoja chenye doa lisilofanana na vigamba vingine, chini yake kuna sehemu inayohisi mwanga, haioni picha kama macho lakini inamsaidia kujua ameota jua kiasi gani. Mimi hilo doa kila nikiliona nasimama.

Pushapu sio za joto. Hilo ni dume linawaambia madume wengine kwamba hapa pana mwenyewe, na majike wamuone, ndo maana zinakuja saa nne na sio saa moja, misuli ya baridi haiwezi ile kazi na rangi nayo inakolea mwili ukishapata moto.

Kuanzia saa tano ukimfuatilia utaona mambo yamegeuka. Anajinyanyua juu ya miguu, tumbo haligusi tena tofali, mkia juu, anageuza uso kwenye jua ili asiupe mwili wote. Mjusi hatoki jasho hata tone. Akizidiwa anabaki na kuhema mdomo wazi, na akipitiliza sana juu ya nyuzi 40 anakufa, wala hachukui muda mrefu. Kwahiyo saa saba usiyomuona yuko chini ya hilohilo rundo au upande wa pili wa ukuta. Jioni anatoka tena kumalizia.

Zamani hata wataalamu waliona mijusi ni viumbe wa kupelekwa tu na hali ya hewa, joto likipanda wanapanda, likishuka wanashuka. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert waliokuwa wanachunguza mijusi na nyoka wa jangwani huko California, Marekani, walionyesha kwamba mjusi ukimuacha huru achague mwenyewe jua au kivuli anashikilia joto lake karibu na kiwango kilekile kwa saa nyingi za mchana. Anachohitaji ni pa kuchagua tu. Mnyima kivuli uone.

Na anapata faida kubwa kwa mtindo huu. Kwa kuwa hachomi chakula ili kupata joto, mjusi anaishi kwa karibu sehemu moja ya kumi ya chakula anachohitaji mnyama wa uzito huohuo anayejitengenezea joto, kama panya. Kwa nchi kavu kama yetu, mvua zinaanza Desemba zinakata Aprili, hiyo ni akiba kubwa sana.

Kitu kimoja cha nyongeza, fundi. Katika jamii ya hawa mijusi yupo mwenye jina la mji wenu kabisa, kitaalamu anaitwa Agama dodomae, Arthur Loveridge ndiye aliyemuandika mwaka 1923. Natamani kila mtoto anayesoma Dodoma alijue hilo.

Shikamoo mwalimu. Mimi nafuga nyuki Manyoni. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto likiwa kali nyuki wangu wanatoka nje wanajazana mdomoni mwa mzinga wananing'inia tu, wengine wanashinda kwenye bomba wanachukua maji, na wakati huo hata maua hayapo. Ni ugonjwa au wanataka kuhama? Mfugaji, Manyoni

Marahaba. Hapo hakuna ugonjwa, wanapooza nyumba, na hili swali nimelifurahia kuliko yote.

Nyuki mmoja mmoja ni wa damu baridi, ukimuacha peke yake usiku wa mwezi wa saba anapoa mpaka hawezi kuruka, na asubuhi kabla ya kuruka inabidi atetemeshe misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe mpaka kifua kipate moto. Lakini wakiwa kundi ndani ya mzinga wanafanya kitu ambacho hakuna mmoja wao anakiweza. Pale katikati kwenye majana, yaani watoto wa nyuki walioko ndani ya masega, wanashikilia nyuzi 34 mpaka 35, nje iwe baridi iwe jua la Oktoba. Kukiwa na baridi wanajikusanya juu ya majana na kutetemesha misuli, joto linatoka kwao. Kukiwa na joto vibarua wanajipanga mlangoni na ndani wanapepea kwa mabawa, hewa ya moto inasukumwa nje, na wengine ndo hao unaowaona bombani, wanaleta maji wanayapaka vitone vitone kwenye masega na kuyatandaza kwa ulimi, yakikauka yanaondoka na joto, ni mambo yaleyale ya mtungi wa udongo unaotoa jasho nje na maji ya ndani yanakuwa ya baridi. Na hao wanaoning'inia nje wametoka kupunguza msongamano, maana kila mwili mle ndani unaongeza joto na kuzuia hewa.

Hawafanyi hivyo kwa ajili ya raha yao, wanalinda majana. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani walichapisha utafiti wa majana waliokuzwa kwenye joto tofauti tofauti, wale waliokulia nyuzi 32 badala ya 35 au 36 walitoka wazima kwa kuwaangalia, lakini ukubwani walikuwa dhaifu kwenye kujifunza na kukumbuka. Nyuzi tatu tu hizo.

Sasa wewe ufanye nini. Kuhama kunaweza kuja kweli, nyuki wetu wa Afrika hawabembelezi, wakikosa maji na joto likawashinda wanaacha mzinga. Weka mizinga kwenye kivuli cha mti, sio kivuli cha asubuhi tu, angalia saa nane kiko wapi. Weka maji karibu kwenye chombo kipana uweke na mawe au vijiti vya kutua wasizame, na usiyaache yakauke hata siku moja wakati wa joto. Mlango usiubane. Na kama una mizinga ya magogo ya wazee usiidharau, ule unene wa mti unazuia joto vizuri kuliko mbao nyembamba, ukitumia ya mbao basi paa lake uliwekee nyasi juu.

Mwalimu shikamoo. Babu yangu anasema mwezi wa saba asubuhi nyoka hana nguvu, unaweza kumshika hata mkia asikufanye kitu. Ni kweli? Na kwanini usiku tunawakuta wamelala kwenye lami? Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Mpe babu salamu zangu, alafu umwambie kwa heshima zote asimshike.

Kweli nyoka aliyepoa ni mzito, hawezi kukimbia vizuri, hata chakula hakisagiki tumboni kama hana joto, chatu aliyemeza mnyama mkubwa akipatwa na baridi kali anaweza kulazimika kumtapika. Lakini sumu haipoi. Kifutu akiwa wa baridi ana sumu ileile ya kifutu wa saa sita, na kwa kuwa hawezi kukimbia anachobakiwa nacho ni kubaki palepale na kuuma. Mtu akiumwa msimkate, msifunge kamba, msinyonye, mkono au mguu utulizwe usitikisike na apelekwe hospitali haraka.

Lami inashika joto la mchana mpaka usiku, mchanga wa pembeni umeshapoa, nyoka anapata sehemu ya kuotea. Wengine wanavuka tu njia zao. Anayeendesha bodaboda usiku apunguze mwendo.

Alafu kwa kuwa umemtaja babu ngoja nikupe habari ya mama. Chatu wa huku kwetu, anayeitwa Python natalensis, anapatikana kuanzia Afrika Kusini mpaka Tanzania na Kenya, na mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alieleza alichokiona kwa kuwafuatilia porini. Jike akishataga kwenye shimo la mhanga anajizungusha juu ya mayai. Hawezi kutetemeka kutengeneza joto kama chatu fulani wa Asia wanavyofanya, kwahiyo anatoka mlangoni mwa shimo, anajianika juani mpaka mwili unafika karibu nyuzi 40, hapo ni jirani na kufa, rangi yake imegeuka nyeusi kipindi hicho chote, kisha anarudi ndani na lile joto kuyakumbatia mayai. Anarudia hivyo siku nenda rudi bila kula kwa miezi. Wakitotolewa anakaa nao kama wiki mbili, usiku wanalala katikati ya mikunjo yake. Watu wanasema nyoka hana huruma.

Sisi wavuvi wa Mtera tunaona mamba amelala ufukweni ameacha mdomo wazi muda mrefu. Wengine wanasema anasubiri ndege wamsafishe meno. Mvuvi, bwawa la Mtera

Kubwa ni joto. Ngozi yake ngumu haitoi jasho, mdomoni ndo kuna nyama laini yenye unyevu, akiuacha wazi maji yanakauka pale na kichwa kinapoa huku mwili ukiendelea kuota jua. Ila sio kila mara, mamba wanaachama hata usiku na hata mvua ikinyesha, kwahiyo kuna sababu nyingine pia. Ratiba yake ya siku mnaijua kuliko mimi: asubuhi nchi kavu kuota, jua likiwa kali anaingia majini au kivulini, usiku anakaa majini kwa sababu maji yanapoa taratibu kuliko mchanga. Mwili mkubwa nao haupoi haraka.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni mayai. Mamba akifukia mayai mchangani, joto la mchanga ndilo linaloamua watoto wawe dume au jike. Kwa mamba wetu wa Nile, madume wengi wanatoka kwenye nyuzi 32 mpaka 34 hivi, chini ya hapo ni majike na juu zaidi ni majike tena. Yai lenyewe linapotagwa halina jinsia bado. Kenge naye ana akili yake, jike anachimba kichuguu anataga mle, mchwa wanaziba tundu, mayai yanakaa kwenye joto na unyevu usiobadilika sana mpaka siku ya kutoka.

Mvua za kwanza zikinyesha Bahi, usiku mmoja tu chura wanajaa kila mahali na kambale wanaonekana wakitembea kwenye majani. Wanatoka wapi? Mama wa Bahi

Chura walikuwa hapohapo mama, chini ya miguu yenu. Ngozi ya chura inapitisha maji, hawezi kuota jua kama mjusi bila kukauka, kwahiyo kiangazi wengi wanajifukia ardhini kwenye ubaridi, wale wakubwa wanajitengenezea ganda kwa tabaka za ngozi yao wenyewe wanalala mle hadi maji yawafikie. Yupo mmoja wa kwenye miti anaitwa Chiromantis, yeye anabaki juu juani ila anageuka mweupe kabisa ili mwanga wa jua umgonge na kurudi nje, huyo mkimuona kwenye tawi mchana msimuondoe.

Kambale tatizo lake ni lingine. Samaki hana pa kukimbilia, joto lake ni la maji aliyomo, na maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 inabeba kama miligramu 9, ya nyuzi 30 inabeba kama 7 na nusu, na wakati huohuo mwili wa samaki wa moto unataka oksijeni zaidi. Perege kwenye dimbwi linalokauka wanakufa mapema. Kambale ana kiungo maalumu karibu na matamvua anachopumulia hewa ya kawaida, ndo maana anaweza kutoka usiku kwenye majani mabichi akahamia dimbwi lingine.

Je mjusi anaumwa homa? Muuguzi, Kondoa

Ndiyo, ila homa yake anaifuata kwa miguu. Kati ya mwaka 1974 na 1976 Matthew Kluger na wenzake huko Michigan, Marekani, waliwadunga bakteria mijusi wa jangwani, wakawaweka kwenye chumba chenye upande wa moto na wa baridi, wale wagonjwa wakahamia upande wa moto mpaka joto likapanda nyuzi mbili hivi juu ya kawaida yao. Waliozuiwa kupata joto hilo walikufa wengi zaidi. Hii ilisaidia sana kuelewa kwamba homa ni sehemu ya mwili kupambana. Wewe muuguzi unajua tofauti, lakini kwa msomaji mwingine niseme wazi, mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya, asiachwe apambane mwenyewe.

Tumenunua kiwanja Ihumwa, kina mawe makubwa na miti ya mikunungu, tunataka kusafisha chote tumwage zege. Watoto wameokota kobe wawili huko, mmoja wa kawaida na mwingine bapa kabisa, wamewaweka uani. Tuwafugeje? Baba wa familia, Dodoma

Baba, naomba niseme kama ninavyoona. Uani kwenye zege bila kivuli kobe atakufa, na atakufa mbele ya watoto. Hana jasho, na kasi ya kukimbilia mbali hana. Akizidiwa anatoa mate mengi yanalowesha kichwa na shingo, hiyo ni hatua ya mwisho ya kujipooza, ukiiona ujue mmechelewa, muingizeni kivulini saa hiyohiyo. Akipinduka chali juani hata nusu siku hamalizi.

Huyo bapa ndo ananinyima usingizi. Kuna kobe anayeishi kwenye nyufa za miamba ya kwetu huku katikati ya Tanzania na Kenya, gamba lake ni jembamba na linabonyea, akiona hatari hajifichi ndani ya gamba kama wenzake, anakimbia kujipenyeza kwenye ufa na kujibana hapo. Ufa huohuo ndo unaomkinga na jua la saa saba na baridi ya usiku. Kwa kawaida anataga yai moja tu kwa mara moja. Amekamatwa sana kuuzwa nje kama pambo, mpaka mwaka 2019 akawekwa kwenye orodha ya juu kabisa ya wanyama wasioruhusiwa kuuzwa kimataifa kibiashara. Na kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hamruhusiwi kukaa na mnyamapori nyumbani bila kibali.

Kuhusu kiwanja, mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Barry Sinervo walionyesha kwamba huko Mexico mijusi ilikuwa imetoweka kwenye asilimia 12 ya maeneo iliyokuwepo mwaka 1975. Joto halikuwachoma. Saa za kukaa kivulini zilirefuka mpaka muda wa kutafuta chakula haukutosha. Kwahiyo zege mwageni panapohitajika nyumba na gari, yale mawe ya pembeni yenye nyufa muyaache yalivyo na mkunungu mmoja mmoja ubaki, hata nyinyi mtakaa chini yake mwezi wa kumi na moja.

Kobe warudisheni leo jioni jua likishapoa. Yule wa kawaida muacheni kwenye kichaka pale alipookotwa, na yule bapa kwenye jiwe lilelile, watoto wawaonyeshe lipi, kwa sababu jiwe lingine linaweza lisiwe na ufa unaomtosha. Kama mawe yameshavunjwa wapigieni simu ofisi ya wanyamapori ya halmashauri wawaambie pa kumpeleka, na mpaka wafike akae kwenye boksi lenye matundu ndani ya nyumba, sio kwenye gari.